Wimbo Huu Uuweke Kapu Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mitindo ya Muziki wa Uganda

Ukurasa huu ni wa watu ambao kazi yao inawalazimu kuuweka wimbo mahali fulani: mtangazaji anayepanga kipindi, dijei mwenye nyimbo elfu kumi kwenye diski, mwenye kibanda cha kuwajazia watu flashi, msanii anayejaza fomu ya kusambaza wimbo wake, mwalimu wa muziki. Lugha tumeiandika Luganda, na mambo ya Buganda tumeyaita ya Kiganda, ili viwili hivyo visichanganyike.

Kwa nini watu wawili wanaoujua muziki vizuri hugombana juu ya wimbo mmoja?

Kwa sababu kila jina la mtindo linajibu swali lake, na maswali yenyewe hayafanani. Tazama majina yanayotumika Kampala kila siku. Kadongo kamu ni jina la chombo: gitaa moja. Lugaflow ni jina la lugha na namna ya kutamka: kuchana kwa Luganda. Kadodi ni jina la ngoma za sherehe, yaani tohara ya Wagisu. Rege na dansiholi ni majina ya mdundo. Injili ni jina la ujumbe. Bongo fleva ni jina la nchi. Zilipendwa ni jina la umri: wimbo huingia humo bila noti hata moja kubadilika, unangojea tu miaka ipite.

Sasa chukua wimbo wa Luganda, wenye mdundo wa dansiholi, unaomsifu Mungu, wa mwaka 2004. Mmoja atasema ni injili, wa pili dansiholi, wa tatu zilipendwa. Wote watatu wako sawa. Kinachowagombanisha ni kwamba kapu ni moja na majibu ni matatu. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi ya kupanga nyimbo imekwisha.

Kadongo kamu ni nini hasa?

Ni muziki wa Buganda wa mwimbaji anayesimulia akiwa na gitaa lake. Christopher Ssebadduka anatajwa miongoni mwa waanzilishi wake, na waliokuja kuupeleka mbali ni pamoja na Herman Basudde, aliyefariki 1997, na Paulo Kafeero, aliyefariki 2007.

Kuutambua, usianze na maneno. Anza na kidole gumba cha mpiga gitaa. Nyuzi za chini hazifanyi kazi ya kushikilia sauti tu kama kwenye rumba, zinapiga ngoma. Mapigo yake yanafuata baakisimba, mdundo wa Kiganda ambao kila pigo kubwa lina vipande vitatu ndani yake: ta-ta-ta, ta-ta-ta. Nyuzi za juu hujibu kwa vijistari vifupi. Juu ya hapo mwimbaji anasimulia kwa maneno yaliyobanana, karibu na kusema kuliko kuimba, na sauti yake inapanda na kushuka jinsi Luganda yenyewe inavyopanda na kushuka. Kiitikio kinaweza kuchelewa sana au kisiwepo kabisa. Hadithi ndiyo inayoamua wimbo uishe lini, na ndiyo maana nyimbo nyingi maarufu za mtindo huu zinapita dakika 10.

Urefu huo una madhara yake studioni. Anayekata wimbo wa dakika 15 ufike dakika 4 ili uingie kwenye kipindi huwa anabaki na utangulizi wa hadithi, maana fundisho liko mwishoni. Kama huna nafasi, ni afadhali uanzie katikati na kuuacha ufike mwisho, kuliko kuuanza na kuukata.

Kadongo kamu ikipigwa na bendi nzima bado ni kadongo kamu?

Kwa jina, hapana. Kwa masikio ya wanaoipenda, ndiyo. Rekodi nyingi zina gitaa la besi, kinanda na ngoma za mashine, na hakuna anayeziita kitu kingine. Jina lilikwisha kutoka kwenye chombo likahamia kwenye namna ya kusimulia. Kipimo kinachofaa ni hiki: ondoa vyombo vyote kichwani mwako, ubaki na sauti ya mwimbaji. Kama bado kuna hadithi yenye mwanzo na mwisho, na mdundo wa vipande vitatu unasikika ndani ya maneno, iweke kadongo kamu. Kama kilichobaki ni kiitikio cha mapenzi kinachorudi kila baada ya nusu dakika, hapo mwimbaji ameazima gitaa tu.

Kidandali na muziki wa bendi vina tofauti gani?

Mpaka wake ni mwembamba. Watu wakisema muziki wa bendi mara nyingi wana maana ya vikundi vilivyojaza kumbi za Kampala miaka ya 2000, kama Eagles Production ya kina Mesach Semakula, Geoffrey Lutaaya na Ronald Mayinja: waimbaji wengi jukwaani, nyimbo za mapenzi na ndoa kwa Luganda, gitaa lenye harufu ya Kongo. Kidandali ni jina pana zaidi la muziki wa kuchezeka wa Luganda, na mara nyingi hayo magitaa hutoka kwenye kinanda au kompyuta.

Afrigo Band usiitie kwenye kapu hili kwa sababu tu ni bendi. Ilianza 1975, na chini ya Moses Matovu imepiga rumba, midundo ya Kiganda na muziki wa soul, wakati mwingine ndani ya wimbo mmoja. Afrigo hupangwa wimbo kwa wimbo. Hakuna njia ya mkato.

Mbona biti moja mmoja anaiita zuku na mwingine dansiholi?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, na jibu lake linasikika wazi ukihesabu kwa mkono.

Chukua mzunguko wa mapigo manne. Gawa kila pigo mara mbili, upate nafasi 8: 1 2 3 4 5 6 7 8. Sasa piga meza kwenye nafasi ya 1, ya 4 na ya 7 tu. Umepata vipande vya tatu, tatu na mbili. Rudia mara kumi bila kusimama. Huo mdundo umo kwenye dansiholi ya Jamaika, kwenye zuku ya Antili, visiwa vya Karibi, kwenye reggaeton, kwenye muziki mwingi wa Nigeria wa leo, na kwenye sehemu kubwa ya muziki wa kuchezeka wa Kampala. Anayesikiliza 3-3-2 peke yake atauita wimbo jina la kile alichokizoea.

Kwa hiyo usiishie hapo. Sikiliza nani anaupiga. Kwenye zuku, 3-3-2 huwa kwenye kijiti kinachogonga ukingo wa ngoma au kwenye chombo kingine chepesi, ngoma kubwa inapiga kwa utulivu chini yake, na vinanda vinatandaza sauti ndefu. Kundi la Kassav' ndilo lililousambaza Afrika katika miaka ya 1980. Kwenye dansiholi, 3-3-2 iko kwenye ngoma kubwa na ile ndogo ya kupasua, besi ni nzito, na katikati kumeachwa nafasi tupu ili mwimbaji aijaze. Kwenye rege ya zamani mdundo huo haupo kabisa: pigo la kwanza huachwa wazi, ngoma inaanguka kwenye pigo la tatu, na gitaa linakata katikati ya mapigo, chk, chk.

Nyimbo za Goodlyfe, yaani waimbaji wawili Radio na Weasel, ni shule nzuri ya kufanyia zoezi hili. Radio anateleza kwa sauti laini, Weasel anaingia na ragga, na biti chini yao haijabadilika. Ukiupanga wimbo kwa sauti utabadili jibu kila ubeti. Ukiupanga kwa ngoma jibu ni moja.

Programu ya kompyuta inaniambia kasi ni 180 lakini wimbo hauendi hivyo. Kosa liko wapi?

Programu nyingi zimefundishwa kuwa kila pigo linagawanyika mara mbili. Baakisimba inagawanyika mara tatu. Tuseme miguu ya wachezaji inakanyaga mara 120 kwa dakika. Ndani yake kuna vipande 360. Programu ikivifunga viwili viwili inapata 180. Ikivifunga vinne vinne inapata 90. Namba zote mbili ni za hesabu sahihi kwenye mdundo usio sahihi. Dijei akizitumia kuunganisha nyimbo mbili, zitagongana baada ya sekunde chache na watu watasimama.

Kosa la pili ni la mara mbili au nusu: wimbo wa 160 unaandikwa 80, rege ya 75 inaandikwa 150. Hili ni rahisi kulirekebisha kwa kuzidisha au kugawa kwa mbili. La kwanza halirekebishiki hivyo. Uwiano wake ni tatu kwa mbili.

Dawa ni saa na mguu. Hesabu mkanyago kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, andika kwa mkono. Halafu ongeza herufi moja: M kama pigo linagawanyika mbili, T kama ni tatu. Kwa muziki wa Uganda, T120 na M120 zina habari nyingi kuliko jina lolote la mtindo.

Kwa nini muziki wa Kongo tunauita "lingala"?

Kwa sababu tuliusikia kwa lugha hiyo. Wanamuziki wa Kongo wamepiga Kampala miongo mingi, na msikilizaji asiyeelewa maneno aliupa muziki jina la lugha. Jina halina ubaya mtaani. Kwenye diski linaleta matatizo mawili. Nyimbo za Kongo zilizoimbwa kwa Kiswahili zinakosa pa kwenda, na mwimbaji wa injili anayeimba Kilingala juu ya biti ya Marekani anaingia mahali ambapo hakuna atakayemtafuta.

Andika lugha kwenye nafasi ya lugha. Kwenye nafasi ya mtindo andika rumba, au sukusi kama wimbo mzima una kasi. Alama ya kusikiliza ni sebene: ile sehemu waimbaji wanapotulia, gitaa la solo likashika kistari kifupi na kukirudia, na anayeita majina na miito akapanda. Rumba ya zamani inaanza polepole na kufika kwenye sebene nusu ya safari. Nyimbo za baadaye zinaanza nayo.

Msanii wa Uganda akiimba Kiswahili, hiyo ni bongo fleva?

Hapana. Bongo ni Dar es Salaam, na kwa upana Tanzania. Jose Chameleone alianza kupata jina akiwa Nairobi, na nyimbo zake za Kiswahili zina Luganda ndani, zina matamshi ya Kampala, na zina mpangilio wa studio za Nairobi na Kampala. Kuziita bongo fleva ni kumnyima msanii kwao. Tena ni kupotosha historia, maana Kiswahili kwenye muziki wa Uganda hakikuletwa na redio za Tanzania peke yake: kimo sokoni, kimo jeshini, kimo Arua na Busia. Andika nchi: Uganda. Andika lugha: Kiswahili, au Kiswahili na Luganda. Mtindo utafute kwenye ngoma.

Muziki wa Acholi unaopigwa kwa kompyuta uuweke wapi?

Kwenye kapu lake. Otim Alpha na Leo Palayeng wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, walichukua nyimbo za harusi za larakaraka wakazipanga kwenye kompyuta, na albamu ya Otim Alpha iliyotoka 2017 kupitia Nyege Nyege Tapes ikawafikisha Ulaya. Wauzaji wa huko waliiweka kwenye rafu ya muziki wa elektroniki, karibu na tekno. Kwa kasi inafanana kweli: mara nyingi iko 160 au zaidi.

Lakini sikiliza kile kisauti kikavu kinachokwenda bila kupumzika juu ya ngoma. Kwenye larakaraka ya asili, wachezaji hushika kibuyu kilichokatwa nusu na kukipiga kwa spoki za baiskeli. Kompyuta imechukua kazi ya spoki. Mpangilio wa kuita na kuitikia ni uleule, shughuli ni ileile ya harusi, na tofauti kubwa ni gharama: mwimbaji na kompyuta moja ni nafuu kuliko kuleta kikundi kizima. Kwa mtu wa Gulu huo ni muziki wa harusi. Kwa mtu wa Berlin ni tekno ya Afrika. Ukipanga kwa ajili ya wasikilizaji wa Uganda, mpe jibu mtu wa Gulu.

Ngoma za asili zote zinaweza kukaa kapu moja?

Zinaweza, na hapo ndipo zinapopotea. Kapu lililoandikwa "asili" lina kadodi ya Bugisu, ekitaguriro ya Ankole, runyege ya Bunyoro na Tooro, akogo ya Teso, agwara ya Waalur na embaire ya Busoga. Havina kitu kimoja cha kushirikiana zaidi ya kuwa si vya Marekani. Kadodi ni ngoma za kutembea, zinaning'inizwa mwilini na wapigaji wanakwenda na msafara wa kijana wa imbalu, yaani tohara; siku hizi utazisikia hata kwenye misafara ya kampeni Kampala. Embaire ni marimba kubwa ya mbao zilizolazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na watu kadhaa wanaipiga pamoja. Haiwezi kutembea hata hatua moja.

Kiswahili chenyewe kinatupa onyo hapa. Neno letu ngoma ni chombo, ni mchezo, ni sherehe, na kijana wa leo akisema "ngoma kali" ana maana ya wimbo mpya. Wazee hawakuvitenganisha kwa sababu vilikuwa tukio moja. Kwa hiyo kwa muziki huu andika vitu vitatu: watu wa wapi, chombo kinachoongoza, na shughuli. "Bugisu, kadodi, tohara." "Busoga, embaire, sherehe." Mtindo unaweza kuachwa wazi, na hakuna kitakachokosekana.

Chombo peke yake hakitoshi. Nyimbo za lubiri, yaani kasri, ya Kabaka, mfalme wa Buganda, zilipigwa kwa ennanga, ambayo ni kinubi, na nyimbo hizohizo zikapigwa kwa amadinda, marimba ya mbao 12 inayopigwa na watu watatu. Ukiupanga kwa chombo, wimbo mmoja unaonekana kama viwili.

"Nyege nyege" ni mtindo wa muziki?

Si mtindo. Ni jina la tamasha lililoanza Jinja 2015, na la lebo ya muziki iliyotokana nalo. Kwa Luganda maneno hayo yanahusishwa na hamu ya ghafla ya kucheza. Msomaji wa Kiswahili anajua yana maana gani kwetu, na wazee wa pwani hawawezi kuyatamka mezani. Mwaka 2022 tamasha lilifika hadi Bungeni, likakaribia kuzuiwa kwa sababu za maadili, na mwishowe likaruhusiwa kwa masharti. Ukitangaza kwa Kiswahili, sema "tamasha la Jinja" mara ya kwanza, kisha utaje jina lake. Wasikilizaji wako watakushukuru.

Afrobeat au Afrobeats?

Herufi moja, vitu viwili. Afrobeat ni muziki wa Fela Kuti na mpiga ngoma wake Tony Allen, Nigeria, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: bendi kubwa, vyombo vya kupuliza, nyimbo ndefu, siasa. Afrobeats ni jina la jumla la pop ya Afrika Magharibi ya karne hii. Wimbo wa Kampala wa dakika tatu uliotengenezwa kwa kompyuta hauwezi kuwa Afrobeat. Hata Afrobeats ni jina la kuazima, ingawa wasanii wetu wengi wanalikubali kwa kuwa linafungua milango.

Majina ya mitindo ya Marekani si yametokana na sauti yenyewe?

Mengi yametokana na biashara. Jarida la Billboard lilikuwa na chati ya "Race Records", yaani rekodi za watu weusi. Mwezi Juni 1949 likaibadili jina kuwa "Rhythm & Blues", kwa pendekezo la mwandishi wake Jerry Wexler. Nyimbo za wiki ile hazikubadilika. Kibao cha dukani kilibadilika. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za rekodi walikutana kwenye baa moja London wakakubaliana kutumia "World Music", kwa sababu wauza duka hawakujua pa kuweka kanda za Afrika. Tuzo za Grammy ziliacha jina hilo 2020 zikachukua "Global Music", na Eddy Kenzo wa Uganda aliteuliwa humo kwa tuzo za 2023. Na mwaka 2019 Billboard iliuondoa wimbo wa Lil Nas X kwenye chati ya country ikisema hauna vya kutosha vya mtindo huo. Mabishano yaliyofuata bado yanaendelea.

Ndiyo maana si busara kuchukua orodha ya nje na kuilazimisha hapa. Ile ya faili za MP3, iliyotokea katika miaka ya 1990, ilikuwa na majina 80. Hakuna hata moja la mtindo wa Afrika. Yapo "Ethnic" na "Tribal".

Mbona vyombo viliweza kupangwa vizuri na nyimbo zinashindikana?

Chombo kinashikika. Mwaka 1914 wataalamu wawili, Hornbostel na Sachs, walivipanga vyombo vya dunia kwa swali moja tu: nini kinachotetemeka? Mwili wa chombo chenyewe, ngozi, uzi au hewa. Aliyeshirikiana na Anthony Baines kuutafsiri mpango huo kwa Kiingereza, 1961, ni Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda na aliyerekodi muziki wa nchi hii kwa wingi. Swali moja, jibu moja, kwa hiyo endingidi na endongo, vyombo viwili vya Kiganda, zinaingia pamoja kwenye nyuzi bila ugomvi. Kwa nyimbo hakuna swali moja ambalo kila msikilizaji atakubali ndilo kuu.

Kompyuta haiwezi kutufanyia kazi hii?

Inaweza kukusaidia kupima kasi na kiwango cha sauti. Mtindo, kwa tahadhari kubwa. Mkusanyiko uliotumika sana kuzifundishia mashine, GTZAN wa 2002, ni vipande 1,000 vya sekunde 30, mitindo 10, vipande 100 kila mmoja. Waliouchunguza baadaye walikuta vipande vinavyojirudia na vingine vyenye majina yasiyo yake. Na mitindo yenyewe ni bluzi, klasiki, country, disko, hip hop, jazi, metali, pop, rege na roki. Mashine ya namna hiyo ukiipa kadongo kamu italazimika kuchagua humohumo, na pengine itasema country kwa sababu imesikia gitaa na mtu anayesimulia. Haijakosea hesabu. Haikuwahi kupewa jibu sahihi.

Nipange vipi nyimbo zangu, hatua kwa hatua?

Acha folda za mitindo. Folda inaulazimisha wimbo kukaa mahali pamoja. Weka nyimbo zote pamoja kwa jina la msanii, kisha jaza habari ndani ya faili yenyewe kwa programu yoyote ya kuhariri lebo za MP3. Nafasi za kujaza ni sita: nchi au eneo, lugha, mdundo, kasi yenye M au T, chombo kinachoongoza, shughuli. Mwaka uwe wa kurekodiwa, si wa kunakiliwa kutoka kwenye kanda. Kosa hili limezigeuza nyimbo nyingi za miaka ya 1980 kuwa za 2011.

Kwa lugha tumia alama za herufi tatu zinazokubalika kimataifa, ili usije ukaandika "Lugisu" leo na "Lumasaaba" kesho: lug kwa Luganda, swa kwa Kiswahili, ach kwa Acholi, nyn kwa Runyankole, cgg kwa Rukiga, nyo kwa Runyoro, xog kwa Lusoga, myx kwa Lumasaaba, teo kwa Ateso, lgg kwa Lugbara, lin kwa Kilingala. Wimbo wa lugha mbili upewe alama mbili, ile ya kiitikio ikitangulia.

Orodha ya midundo isizidi majina 15. Kila jina liandikiwe sentensi moja ya maelezo na nyimbo tatu za mfano. Jina lisilofikisha nyimbo 10 liunganishwe na jingine, au lisubiri.

Kisha jaribu. Chagua nyimbo 50 bila kupendelea, mpe mwenzako orodha na maelezo, kila mmoja ajaze peke yake. Mkilingana chini ya 40, msibishane nani ana masikio. Tazama ni majina gani mawili yanayobadilishana; karibu kila mara ni mawili tu, na mara nyingi ni zuku na kidandali. Rekebisha sentensi ya maelezo, mrudie na nyimbo nyingine 50.

Fomu ya kusambaza inanitaka nichague mtindo mmoja, na wangu haupo. Nifanyeje?

Fomu nyingi zina nafasi mbili, kuu na ya pili. Kwenye kuu weka kile ambacho msikilizaji asiyekufahamu angekuwa anasikiliza kabla ya wimbo wako. Kwenye ya pili weka Afrika, kwa jina lolote ambalo fomu inalitumia. Wengi hufanya kinyume, na wimbo wa rege unaishia kuchezwa baada ya kwaya. Jina halisi, kama kadongo kamu au Lugaflow, liandike kwenye maelezo ya wimbo ambako watu hutafuta.

Ukikosea, mwandikie msambazaji abadili. Namba ya ISRC, ile inayotambulisha kila rekodi, haibadiliki kwa sababu ya mtindo; inabadilika rekodi ikiwa mpya, kwa mfano rimiksi. Namba hiyo ina tarakimu na herufi 12: mbili za nchi, tatu za mwenye kuitoa, mbili za mwaka ilipotolewa, tano za wimbo. Usiitumie kujua wimbo ni wa wapi. Nyimbo nyingi za Uganda zinaanza na QZ, ambayo ni ya Marekani, kwa kuwa msambazaji ndiye aliyeitoa.

Injili ni mtindo?

Ni ujumbe. Weka kwenye nafasi ya shughuli, na mdundo uuandike kama ulivyo.

Msanii anasema wimbo wake ni wa mtindo fulani, masikio yangu yanakataa. Nimfuate nani?

Andika yote mawili, kila moja na mwenyewe: "msanii: Afrobeats, mdundo: 3-3-2, M104". La msanii lina thamani hata likiwa na makosa, kwa sababu linaonyesha alitaka kusimama karibu na nani. La masikio yako linamsaidia anayetafuta. Na wimbo ambao hata baada ya kusikilizwa mara tatu haujapata jina, acha nafasi ya mdundo tupu, jaza nyingine tano, uandike tarehe. Baada ya miezi sita kusanya zote zilizo tupu uzisikilize kwa mfululizo. Zikiwa zaidi ya 10 na zinafanana, tafuta wanaozicheza, uwaulize wenyewe wanaziitaje.